Radi Huzima Nyuma ya Mlima

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Daftari nimepewa na dada. Anasema mtu aliyeacha shule kidato cha pili asiposhika kalamu, vidole vinasahau. Nikamwambia vidole vyangu vina kazi tayari, vinashika klachi. Akasema klachi haiandiki barua. Haya.

Basi iandikwe kwanza kwamba mimi ndiye dereva wa pikipiki anayejua kazi kuliko wote hapa kituoni. Wenzangu wakibisha ni wivu. Pikipiki yangu inaitwa Radi. Ni nyekundu, na ikipita watu hugeuka, wengine kwa kupenda, wengine kwa kurukiwa na matope.

Habari kubwa ya masika haya ni tumbo la dada. Mimba ya kwanza, na atajifungua mvua ikiwa imepamba moto, wakati gari halipiti njia yetu hata lipewe miguu. Mama mkunga anakaa nyuma ya mlima. Alishamkanya dada: "Usithubutu kupanda pikipiki na tumbo hilo. Siku ikifika, nipigie simu, nifuatwe mimi."

Nani wa kumfuata? Nilijipiga kifua sebuleni, mbele ya wote. Shemeji ni mshonaji, na cherehani yake iko hapo hapo sebuleni. Alikuwa anampima mteja kiuno. Akaniuliza, pini ziko mdomoni, "Na hiyo pikipiki itafika?"

Nikacheka mpaka mteja naye akacheka, kiuno kikaongezeka, shemeji akaanza kupima upya.

Ijumaa, 15 Machi

Leo Radi imefanyiwa sevisi ya masika kwa Fundi Sikio. Jina hilo amepewa kwa sababu anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio, anafumba macho, anasikiliza. Kisha anakutajia ugonjwa. Watu wanatoka mbali kuja kumwona akisikiliza tu. Gereji yake ni mabati manne na imebanana na ya mchomeleaji, ambaye mashine yake ya kukatia vyuma inalia tangu asubuhi. Mimi hapo sisikii hata mawazo yangu. Fundi anasikia valvu.

Kanibadilishia oili, kakaza cheni, kasafisha kabureta. Mwisho akanipa na zawadi: kapaka gundi nyeusi kwenye mfuniko wa tangi ili maji ya mvua yasiingie kwenye mafuta. Hiyo bure, kasema. Akaiwasha, akasikiliza, akanipigia kelele sikioni, "Nzima hii!"

Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba. Fundi mwenyewe kanipendelea.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Abiria wengi. Radi inaimba.

Jumatatu, 18 Machi

Aibu. Nilikuwa na mwalimu wa kike nyuma, nampeleka ng'ambo. Tumepanda mlima vizuri, tumeanza kuteremka upande wa pili, Radi ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikapiga stata ya mguu mpaka goti likaniuma. Nikatikisa tangi, mafuta yanacheza ndani. Nikachomoa plagi, nikaipuliza, nikairudisha. Mwalimu amesimama chini ya mwavuli, ananitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani, maana alinifundisha yeye.

"Bado hujapata jibu?" akaniuliza.

Baadaye ikawaka yenyewe, kama iliyotoka usingizini.

Jumanne, 19 Machi

Nimeirudisha gereji. Mchomeleaji alikuwa anakata geti, cheche zinaruka, kelele hadi mbinguni. Fundi akaniuliza Radi ina nini. Nikamwambia inazima. Akarudia neno langu, nikaitikia kwa kichwa. Akanitazama kidogo kama mtu anayemshangaa mteja, akaanza kazi. Kafungua mfuniko wa tangi akachungulia, kaiwasha, kasikiliza. Halafu akaiosha. Akaiosha kwa sabuni, akasugua rimu kwa mswaki, akapaka grisi mahali ambapo sikujua kuna mahali.

Nikadhani ndiyo dawa yenyewe. Fundi mkubwa humuulizi.

Jumamosi, 23 Machi

Imezima tena. Pale pale, nyuma ya mlima. Safari hii ni muuza mayai, na trei zake mapajani. Hakuna yai lililovunjika, nilisimama kwa ustadi ambao sijaona mtu mwingine akiwa nao. Lakini muuza mayai hana shukrani. Ameshuka, amelipanda lori la kokoto, ameenda.

Jumatano, 27 Machi

Gereji mara ya pili. Kelele, neno lile lile, kichwa kile kile. Leo kaipaka rangi bampa ya mbele. Nikaondoka na pikipiki inayong'aa kama ya bwana harusi, ikanizimia kabla rangi haijakauka.

Nimeanza kumwona Fundi Sikio kwa jicho jingine. Ile bisibisi sikioni huenda ni sinema tu. Na kuna kitu nimekigundua: hajawahi kuipanda Radi. Akitaka kuitoa nje huisukuma, kama toroli, hata pale pa kuiwasha tu na kwenda. Awali nilidhani ni heshima kwa mali ya watu. Sasa naona ni dharau. Fundi gani hataki hata kuonja alichopika?

Jumanne, 2 Aprili

Dada miguu imevimba. Nimemkanda kwa maji ya moto. Kaniambia mikono yangu inanuka petroli, nikamwambia mtoto azoee mapema.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo nimekuta mtu sebuleni kwetu. Amekaa kwenye kigoda cha wateja, kofia ngumu mapajani. Nani? Mzee Taratibu. Huyu ni dereva mwenzetu, lakini ni yule ambaye kuku akivuka barabara yeye huzima injini akangoja, na kuku akirudi alipotoka, anangoja tena. Shemeji alimwita.

"Ni wa akiba tu, shemeji," akaniambia, macho kwenye kitambaa. "Nguo kubwa mtu hakati bila kuacha inchi mbili za pindo."

"Kwa hiyo mimi ni pindo?"

"Wewe ndiye nguo. Lakini nguo yenyewe nasikia inazima nyuma ya mlima."

Mzee Taratibu akakohoa kwa adabu. "Mimi na mwanangu hapa hatushindani," akasema. "Yeye ataondoka kwanza, mimi nitamkuta njiani."

Hata dada alicheka, akashika tumbo. Nilipobaki naye nikamuuliza kama na yeye haniamini. Akanyamaza kwanza. Dada akinyamaza ndipo huwa anasema kweli.

"Nakutaka wewe uende," akasema. "Lakini mkunga namtaka zaidi. Mimi naogopa, mdogo wangu. Usinifanyie utani na hili."

Sikujua kwamba dada anaogopa. Huyu ndiye aliyemfukuza nyoka jikoni kwa ndara. Sijala vizuri leo.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimejaribu njia peke yangu bila abiria. Imezima. Nimekaa kwenye jiwe kwenye manyunyu nikamtukana Fundi Sikio matusi ambayo dada akisoma hapa atanichapa, kwa hiyo siyaandiki.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo naandika mpaka mkono uchoke, maana leo kumetokea mambo.

Nimekwenda gereji kugombana. Nilijipanga tangu nyumbani: nitaanza na sauti ya chini, nitapanda, nitamaliza kwa kumwambia arudishe jina la Sikio kwa aliyempa. Nimefika, nimesimamisha Radi katikati ya mlango ili hata akitaka kukimbia asiwe na njia. Akaniuliza kama siku zote, "Ina nini leo?"

Nikavuta pumzi nipige kelele kuishinda ile mashine ya jirani. Na hapo hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine ikafa. Kimya kikaingia gereji, na ndani ya kimya hicho nikajikuta nimebweka kama mwehu:

"Inazima!"

Fundi kabaki na spana mkononi. "Unasemaje?"

"Nasema inazima. Nimesema tangu mwezi uliopita. Inazima, inazima, inazima."

"Inazima?" Ananitazama. "Si umeniambia ni nzima?"

"Nani?"

"Wewe hapo. Nakuuliza ina nini, unaniambia nzima. Nikakuuliza tena, nzima? Ukaitikia kwa kichwa. Nikasema moyoni, huyu kijana ana mapenzi na pikipiki yake, anailetea ukaguzi na haina kitu. Ndiyo nikaiosha."

"Na rangi?"

"Sasa mtu kakuletea pikipiki nzima mara mbili, utamfanyia nini? Nikaona uione mwenyewe inavyopendeza."

Mchomeleaji, aliyekuwa kavua miwani na kukaa bila kazi, alicheka mpaka akateleza kwenye kopo alilokalia. Mimi hasira zote nilizojipanga nazo zikakosa pa kukaa. Nikazipeleka kwingine.

"Sawa. Sasa umesikia. Ipande, uiendeshe mpaka nyuma ya mlima, uone."

"Haina haja. Naisikiliza hapa hapa."

"Hapa haizimi. Inazima kule."

"Mgongo unaniuma."

"Jana ulibeba injini peke yako."

"Ndiyo iliyoniumiza."

"Fundi, panda."

Akatazama nje. Akatazama kwa mchomeleaji. Akanivuta nyuma ya mabati, kwenye matairi yaliyochakaa, akainamisha kichwa karibu na changu kama anayeniposa.

"Sijui kuendesha," akasema.

Nikadhani na umeme wa kichwa changu umekatika. "Hujui kuendesha nini?"

"Pikipiki. Baiskeli pia. Nilianguka mdogo, sikurudia. Nyingine zote naziponya hapa hapa zikiwa zimesimama. Nani amewahi kulalamika?"

Hapa ningeweza kumcheka mwaka mzima. Mdomo ulishafunguka. Lakini jinsi alivyokuwa anasugua viganja na tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko viganja vyenyewe, nikamwona dada akinyamaza kabla ya kuniambia anaogopa. Nikafunga mdomo. Nasema kwa wasomaji wote wa daftari hili, ambao ni mimi: leo nimejishinda.

"Basi panda nyuma," nikasema. "Naendesha mimi. Wewe leta sikio lako."

Alinishika kiuno kama mtu anayezama. Mlima wote alikuwa ananiambia polepole, kijana, polepole, na nilikuwa naenda mwendo ambao Mzee Taratibu angenipigia honi. Tukapita kilele. Tukateremka. Radi ikakohoa mara mbili.

Ikazima.

Sijawahi kufurahi pikipiki kunizimia. Nikamgeukia, nikamwonyesha kwa mikono miwili, kama mtu anayemtambulisha mchumba. Fundi akashuka, na alipogusa ardhi akawa Fundi Sikio tena. Akachomoa bisibisi mfukoni. Hakuweka kwenye injini, maana injini imekufa. Aliweka kwenye tangi. Akafumba macho. Akasikiliza muda mrefu, manyunyu yanamtiririka usoni, halafu akashika mfuniko akaufungua.

Tangi likavuta pumzi. Nasema kweli, lilivuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amefunikwa mdomo.

"Washa," akasema.

Nikapiga stata mara moja. Radi ikanguruma.

Fundi akaugeuza mfuniko, akauangalia kwa chini na kwa juu. "Kuna kitundu hapa cha kuingiza hewa. Hewa isipoingia, mafuta hayashuki, injini inakufa kwa kiu na tangi limejaa. Nani mpumbavu amekiziba na gundi?"

Nikamwangalia tu.

"Ni mafundi wa siku hizi," akaendelea. "Hawana... " Akasimama. Akainusa ile gundi. Ile gundi nyeusi hapa mjini anayo mtu mmoja.

"Ulisema bure," nikamwambia.

Ndipo tukacheka, mimi na yeye, nyuma ya mlima kwenye matope, tumeshikana mabega, na pikipiki inanguruma katikati yetu. Na kila nilipoirudisha gereji alikuwa anafungua mfuniko kuchungulia, tangi linapata hewa, anaisikiliza, nzima. Alikuwa anaiponya bila kujua na kunirudishia na ugonjwa wake.

Akakwangua gundi yote, akazibua kitundu kwa waya wa breki. Akanionya: "Ila sasa mvua kubwa ikipiga hapo juu, maji nayo yataingia. Ufunike, lakini usiubane."

Kurudi, hakunishika kiuno tena. Alinishika mabega.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimempakia shemeji mpaka nyuma ya mlima na kurudi. Mara mbili. Kufika nyumbani, akachukua tepu akapima tangi la Radi, urefu na upana, akaandika kwenye karatasi. Nilipomuuliza akasema niende nikaoge.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua bila kupumzika. Nimelala na funguo mkononi.

Jumatano, 17 Aprili

Imekuwa leo.

Asubuhi, chai iko mezani, dada kashika ukingo wa meza akasema, "Sasa." Kwa sauti ndogo tu, kama anayesema chumvi imeisha. Nje mvua inamwagika kwa ndoo. Shemeji akakimbilia simu akampigia mkunga, halafu nikamsikia anampigia na Mzee Taratibu. Akaja kukaa kwenye cherehani akaanza kukanyaga. Anakanyaga, sindano inaruka, kitambaa kinakwenda. Nikatazama vizuri: haina uzi.

"Shemeji, naondoka," nikasema.

"Mzee yuko njiani."

"Mzee atakuwa njiani mpaka mtoto aanze shule."

Tukageuka wote kwa dada, ambaye alikuwa ameinamia meza. Akainua kidole, tungoje, uchungu umpite. Ukapita. "Aende mdogo wangu," akasema.

Shemeji akasimama. Akafungua kabati, akatoa kitu cha turubai la bluu, kimeshonwa kikapindwa pembe zote, kina kamba mbili za kufungia. Kifuniko cha tangi la Radi. Kimepwaya juu, hewa inapita, maji hayaingii. "Nimeacha inchi mbili," akasema, akanikabidhi. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikatoka mbio kukifunga.

Kwenda sikumbuki vizuri. Nakumbuka mlima umegeuka mto, na mimi napanda mto. Nikafika kileleni. Nikaanza kuteremka, nikasubiri kikohozi. Nilisubiri kwa masikio, kwa makalio, kwa meno. Radi haikukohoa. Nilipoipita ile kona nilipiga honi ndefu, hakuna mtu barabarani wala mbuzi, nikaipiga tena.

Mama mkunga alikuwa amesimama barazani na begi lake na koti la mvua mpaka miguuni, mama mnene, mtulivu. Akaitazama Radi na kile kikoti chake cha bluu.

"Pikipiki imevaa, wewe hujavaa," akasema. Ni kweli, nilisahau koti langu.

"Mama, mimi nikinywa maji nitapiga chafya tu. Hii ikinywa hatufiki."

"Umeshawahi kuniangusha?"

"Sijawahi kukupakia."

"Basi usianze na vyote viwili leo."

Nikaondoka naye. Kurudi ndiko kulikokuwa kazi. Uzito nyuma, matope mbele, gurudumu linataka kwenda kwake na mimi nataka kwenda kwetu. Mara moja tulilala upande kabisa, nikaweka mguu chini ukazama mpaka goti, nikausukuma ulimwengu ukasimama wima. Mkunga hakulia wala hakunishika. Aliinua begi juu ya kichwa ili lisichafuke, akaniambia sikioni, "Endelea, mwanangu, hajafika bado, tuna muda." Nikaelewa kwa nini wanawake wanamtaka.

Karibu na nyumbani tulimkuta Mzee Taratibu anakuja, kasimama pembeni, miguu yote chini. Akatutazama, akavua kofia yake ngumu kwenye mvua ile yote.

Mkunga aliingia ndani, mlango ukafungwa. Mimi na shemeji tukabaki sebuleni. Tulikaa sana. Yeye akapanga vifungo kwa rangi, akavichanganya, akavipanga tena. Kila dada alipolia kule ndani shemeji alinishika mkono uliojaa matope na mimi nilimwachia. Nilikuwa namwona huyu mtu kama mpima viuno tu. Leo nimeona ana moyo mkubwa na hana pa kuushonea mfuko.

Halafu kilio kingine, kidogo, kikali, cha mtu mpya aliyeudhika.

Mkunga akafungua mlango. "Ni msichana. Mama yake anauliza chai yake imepoa?"

Shemeji aliingia, na alipotoka alikwenda moja kwa moja kupasha chai. Nikaitwa mimi. Mkunga alinizuia mlangoni, akaninawisha mikono kwa sabuni kama mtoto, akainusa, akaninawisha tena. Dada amelala, amechoka, anacheka. "Mpe," akamwambia mkunga. "Mpe mjomba wake."

Mimi nimebeba magunia. Nimebeba mlango na fremu yake. Nimebeba maharusi wawili kwa pamoja. Lakini huyu alipowekwa mikononi mwangu, nilikaza viwiko kama nimebeba trei ya mayai. Amefungwa kwenye kitambaa alichoshona baba yake, ana uso mwekundu wa hasira, na vidole vyake vimeshika kidole changu kimoja kama vinajua kitu. Nilivuka chumba kutoka kitandani hadi dirishani kwa mwendo ambao siwezi kuuandika hapa, wenzangu wa kituoni wasije wakausoma. Nikamwonyesha mvua. Nikamwambia mimi ni nani na naendesha vipi, kwa kifupi tu, mengine atayasikia kwa watu.

Mkunga akasema inatosha sasa, nimrudishe kwa mama yake.

Nikamwambia asubiri kidogo, ndiyo kwanza abiria amepanda.